Baa ya wiki tano Diani: Kibali chako kiko wapi?

Kuanzia katikati ya Novemba, ukifungua simu tu unakutana na mabango. Sherehe Diani, sherehe Galu, mwezi mpevu, kufunga mwaka, tiketi za mapema zinaisha leo. Nairobi nzima inapanga kushuka. SGR inajaa, ndege za Ukunda zinajaa, na Likoni inakuwa ile foleni unayoijua. Halafu pale ufuoni, kwenye kiwanja ambacho Oktoba kilikuwa kichaka tu, kunachomoza paa la makuti, kaunta ya mbao, friji tatu, jenereta na spika mbili ndefu kuliko mlinzi wa getini. Ikifika katikati ya Januari, vyote vimeng'olewa. Vinavyobaki ni mashimo ya nguzo na vifuniko vya chupa mchangani.

Hizo ndizo baa za msimu, na usizidharau. Kijana wa Ukunda, Mwabungo au Gazi anaweza kukaa kuanzia Aprili hadi Juni bila kibarua kwa sababu mvua imeingia na wageni wamekauka. Halafu zile wiki tano za Desemba na Januari zinamlipia kodi ya nyumba na karo ya mdogo wake. Mhudumu, mpishi wa samaki, DJ, fundi wa makuti, bodaboda wa saa tisa usiku, wote wanakula hapo.

Sasa swali: kibali kiko wapi?

Wengi wetu tunachukulia kibali kama karatasi ya kumtuliza kanjo na karao. Ukiwa nayo, poa. Ukikosa, unatafuta namna. Lakini ukizisoma sheria zenyewe utaona zinaongea jambo zito zaidi. Kibali ni makubaliano kati yako, unayekuja kwa wiki tano, na watu watakaoendelea kuishi hapo ukishafungasha. Na kwa vile upepo unavyovuma nchini, tukiendelea kuyachezea makubaliano hayo, wanaotaka pombe iondolewe ufuoni kabisa hawatahangaika kutafuta hoja. Tutakuwa tumewaandikia.

Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, so usiniulize mambo ya uwakili. Lakini sheria hizi si za kusomwa na majaji peke yao. Nimezipitia, na picha ni hii.

Mchanga ni wa nani?

Tuseme wewe na mabeste wanne mmechanga doo. Mmepata sehemu maeneo ya Galu, mnataka kufungua tarehe 5 Desemba na kufunga tarehe 8 Januari. Kabla ya kununua hata kreti moja, uliza mnasimama kwenye ardhi ya nani.

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya pale maji yanapojaa na pale yanapokupwa ni ya umma. Ule mchanga ambao watoto wanapigia boli maji yakitoka si wako, si wa hoteli, wala si wa yule jamaa anayesema babu yake alikuwa anavua hapo. Huwezi kuuzungushia kamba na kutoza watu kiingilio. Baa yako inafaa ikae juu, kwenye kiwanja chenye mwenyewe, na huyo mwenyewe akupe barua ya kukubali. Usipoyaheshimu mambo haya kwa sababu ya Katiba, utayaheshimu kwa sababu ya bamvua. Maji yakijaa ile siku ya mwezi mpevu uliyoitangaza kwenye bango, kaunta yako inaogelea.

Kuna jirani mwingine ambaye watu humsahau. Kasa hupanda usiku kutaga mayai sehemu hii ya pwani, na vifaranga wakitoka mchangani hufuata mwanga. Kwa kawaida mwanga unaong'aa zaidi usiku ni ule wa upande wa bahari. Ukiwasha taa kali zinazomulika ufuo mzima, wanageuka na kuja kwako. Bahari ya hapa iko ndani ya hifadhi ya Diani-Chale iliyotangazwa mwaka 1995, kwa hivyo ongea na watu wa KWS mapema kuhusu taa na moto wa kuni. Kugeuza taa ziangalie chini hakugharimu hata shilingi.

Karatasi ya pombe

Sheria mama ni ile ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya waliibatiza jina la Mututho, kutokana na John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Ndiyo iliyohalalisha chang'aa kwa masharti, na ndiyo iliyoleta zile saa ambazo kila mtu anazijua na wachache wanazifuata. Baa ya kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za wiki, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu.

Halafu ugatuzi ukaja. Ukifungua Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya kazi za kaunti, utakuta kitu ambacho mtu wa Diani anafaa kukijua kwa kichwa. Utoaji wa leseni za pombe umewekwa kwenye kipengee kimoja na burudani za umma, na humo humo zimetajwa fuo. Yaani leseni yako, muziki wako na ufuo wako viko kwa meza moja, ya kaunti. Mtu wa Kwale akikwambia pombe ni mambo ya Nairobi na ufuo ni mambo ya mwingine, mwonyeshe ukurasa huo.

Leseni ya kawaida ya baa ni ya mwaka mzima. Kwa anayefungua kwa muda, kuna leseni ya muda, ile ya hafla. Hiyo ndiyo unayoomba. Usikubali kulipishwa ya miezi kumi na miwili kwa baa ya siku thelathini na tano kabla ya kuuliza habari zake. Pia usidhani kwamba kuwa rafiki wa mwenye baa yenye leseni kule barabarani kunatosha. Leseni hufungwa na mahali. Ya Ukunda mjini haikufuati hadi Galu.

Ombi linapitia kwa kamati, na hapa ndipo penye utamu wa sheria ambao wengi hawaujui. Majina ya waombaji hutakiwa yatangazwe hadharani, na mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Mama anayeishi nyuma ya kiwanja chako ana haki ya kufika na kusema hapana, mtoto wangu ana mtihani, au sawa, lakini spika ziangalie baharini. Kamati inaangalia pia umbali. Sheria inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule yoyote ya watoto, kuanzia chekechea hadi sekondari. Na ndiyo, shule zimefungwa Desemba, lakini sheria haikuandika "isipokuwa likizo".

Umri ni miaka 18, na hapa hafla za msimu huteleza sana. Sheria haimkatazi tu aliye chini ya miaka 18 kununua. Haimtaki hata ndani ya sehemu pombe inapouzwa. Sasa wewe umetangaza "siku ya familia", kuna watoto wanarukaruka kwenye jumba la upepo, na mita tano kando kuna kaunta ya jin. Ukitaka familia na pombe siku moja, weka sehemu mbili zilizotenganishwa kweli, zenye lango na mtu wa kukagua kitambulisho. Bangili ya rangi mkononi hufanya kazi vizuri kuliko kubahatisha sura.

Saa mbili usiku na dakika moja

Ukiuliza majirani wa Diani ni nini kinawakera zaidi, wengi hawatakutajia pombe. Watakutajia besi.

Kanuni za kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zimegawa siku mara mbili. Usiku, kwa hesabu za kanuni hizo, unaanza saa mbili na dakika moja na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Mchana, eneo la biashara linaruhusiwa desibeli 60, eneo lililochanganya makazi na sehemu za burudani 55, na mahali pa ibada 40. Usiku ukiingia, zote zinashuka hadi 35. Ili upate picha, watu wawili wakiongea kawaida mezani ni kama desibeli 60. Thelathini na tano ni mtu kukunong'oneza.

Maana yake ni nini? Ni kwamba hakuna sherehe ya ufuoni inayoweza kutimiza kiwango hicho cha usiku kwa majirani bila mpango maalum. Ndiyo maana kanuni zinataka kibali cha kelele kwa anayejua atavuka kiwango. NEMA ndiyo yenye kanuni hizo, na Katiba nayo imeipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. So usiende ofisi moja ukatulia. Uliza zote mbili na upate jibu kwa maandishi.

Wakenya tulishaona mambo haya yakilipuka. Mwishoni mwa 2022, Nairobi ya Gavana Sakaja ilitangaza kufuta leseni za klabu za usiku zilizo mitaa ya makazi baada ya malalamiko ya kelele kuzidi. Waliokuwa na karatasi na waliokuwa wakiishi kwa ujanja wote wakajikuta kwenye kikapu kimoja.

Vile vitu vidogo vinavyofunga mlango

Hapo bado. Afisa wa afya atataka kuona choo, maji ya kunawa, na vyeti vya afya vya kila anayeshika chakula. Choo cha kweli, cha kutosha, si kuwaonyesha watu kichaka na bahari. Watu wa zimamoto watauliza kuhusu jenereta, nyaya na gesi ya jikoni chini ya paa la makuti. Hapo wana haki ya kuwa wakali, maana makuti yaliyokauka kwa jua la Desemba hayahitaji zaidi ya cheche moja. Mamlaka ya Ushuru, KRA, itataka chupa zako ziwe na stempu. Ukiwa na simu unaweza kuzikagua mwenyewe kwa programu ya Soma Label kabla ya kukubali mzigo kutoka kwa yule msambazaji wa bei poa ajabu.

Hilo la stempu si la kuchekea. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu, na serikali ikatangaza msako wa nchi nzima mwezi uliofuata. Baa ya msimu isiyojua chupa zake zimetoka wapi inacheza na roho za wateja.

Kisha kuna muziki. Wimbo una wenyewe, na ukiupiga mbele ya watu waliolipa kiingilio unadaiwa. Kwa miaka mingi tumekuwa tukisikia MCSK ya watunzi, KAMP ya watayarishaji na PRISK ya waimbaji na wapigaji. Nani ana idhini ya kukusanya ada ni jambo ambalo limevutaniwa sana, so kabla ya kulipa mtu aliyekuja na risiti kitabuni, uliza bodi ya hakimiliki, KECOBO, ni nani anayeruhusiwa mwaka huo.

Kwa nini watu wanaruka hatua

Ukihesabu, ni ofisi saba au nane. Ufuo uko Diani, makao makuu ya kaunti yako Kwale mjini, kule juu milimani. Kutoka Ukunda unarudi hadi Kombani ndipo upande. Ofisi nyingine ziko Msambweni, upande wa pili kabisa. Matatu kwenda, matatu kurudi, "afisa yuko mkutanoni, rudi Jumatano". Na huku mwenye kiwanja amekukubalia Novemba tarehe 20, kwa sababu naye alikuwa akingoja kama kuna tajiri mwenye bei nzuri zaidi.

Sheria hizi zilichorwa zikifikiria baa yenye kuta, mlango wa chuma na bango la mwaka mzima. Baa ya msimu haina muda wa kungoja kamati ikae, watu wapinge, irudi ikae tena. So watu wanafungua kwanza, wanaomba baadaye, na katikati hapo kunazaliwa ile biashara nyingine, ya bahasha. Mtu anakuja Ijumaa saa tatu usiku, muziki ukiwa umeshika, anauliza karatasi. Anajua huna, na anajua huwezi kuzima. Ijumaa inayofuata anarudi na mwenzake.

Angalia nani anaumia siku bahasha ikikataliwa. Mwenye mtaji wa Nairobi anapanda ndege. Mhudumu aliyeahidiwa malipo mwisho wa msimu anabaki na aproni. Fundi wa makuti anabaki akidai. DJ chipukizi anaona mashine zake, ambazo pengine ni za kukodi, zikipakiwa kwenye gari la polisi kama kielelezo. Hakuna mkataba, hakuna leseni, kwa hivyo hakuna pa kushtakia. Ndiyo maana nasema kibali kinamlinda kijana wa chini kuliko kinavyomlinda bosi. Kabla ya kukubali kazi ya msimu, omba kuonyeshwa. Una haki ya kuuliza.

Wanaobaki

Sehemu ambayo mabango hayaonyeshi ni hii: Diani ni makazi ya watu. Nyuma ya ile barabara ya hoteli kuna vijiji vya Wadigo, kuna misikiti, kuna madrasa, kuna wavuvi wanaoamka saa kumi alfajiri. Pale mto Mwachema unapoingia baharini kuna Msikiti wa Kongo, wa kale, ambao bado unaswaliwa, na mchanga ulio karibu nao ni mojawapo ya sehemu watu wanapenda kwenda kubarizi. Kusini kidogo kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na makaya mengine ya Mijikenda. Besi haijui mpaka wa kaya.

Usiseme kwamba watu wa hapa hawajui pombe. Mnazi ulikuwa hapa kabla ya hoteli ya kwanza. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, na hata methali yetu maarufu inamtaja yeye, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mangwe ya kijijini ina adabu zake. Inajulikana iko wapi, nani anaingia, na mzee gani atakwambia umetosha, nenda nyumbani. Baa ya msimu inakuja bila mzee. Ndiyo kazi ya leseni, kuweka mzee pale ambapo hayupo.

Na kuna hesabu moja ya kalenda ambayo wapangaji wa sherehe wanafaa kuianza mapema. Ramadhani husogea nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Inaelekea kwenye msimu wetu. Kwa makadirio, 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 kutakuwa na Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, ya kwanza Januari na ya pili kuanzia wiki ya mwisho ya Desemba. Yaani kufunga mwaka wa 2030, watu wa Ukunda watakuwa wametoka kwenye tarawehe wewe ukiwasha spika. Hili halitatatuliwa usiku wa tarehe 31. Linahitaji watu kukaa chini miaka kadhaa kabla.

Sera iliyoutaja ufuo

Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, kupitia NACADA. Kilichotrendi ni pendekezo la kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21. Lakini kuna orodha iliyopita kimya kimya kwa watu wa bara: sehemu ambazo sera inataka pombe isiuzwe. Kulikuwa na supamaketi, vituo vya magari, makazi ya watu, na ndani ya orodha hiyo hiyo, fuo za umma.

Wenye baa na hoteli walipiga kelele. NACADA ikaeleza kwamba ile ni sera, haijageuka kuwa sheria, na saa na umri wa zamani bado unatumika. Sawa. Lakini sera ni mbegu. Siku mswada utakapopelekwa bungeni, mtu atasimama na kuuliza: ufuoni mnafanyaje? Tukiwa na rekodi ya baa za msimu zilizosajiliwa, zilizozima muziki saa iliyokubaliwa, zilizokagua vitambulisho na kuzoa taka, tutakuwa na la kusema. Tukiwa na video za watoto wa miaka 16 wakibebwa mchangani, hatutakuwa na la kusema, na atakayefungiwa ni hadi yule mwenye kibanda kidogo aliyefuata kila kitu.

Ukitaka kuona leseni inavyoweza kuyumbisha utalii, angalia jirani zetu. Januari 2024 Zanzibar ilikumbwa na uhaba wa pombe mahotelini baada ya bodi ya vileo kutoendeleza leseni za kampuni zilizokuwa zikiagiza bidhaa hiyo. Bei zikaruka katikati ya msimu wa wageni. Mwezi huo huo Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu. Ile ilikuwa karatasi tu, lakini kisiwa kizima kiliisikia.

Ng'ambo ya bahari hii hii

Upepo wa kaskazi unaotuletea jua la Desemba unavuma kutoka kule India, na kule Goa wana msimu unaofanana na wetu kwa hali. Ufuo wa Goa una vibanda vya chakula na vinywaji vya mianzi na makuti ambavyo husimama kuanzia karibu Oktoba hadi mwisho wa Mei, kisha lazima vibomolewe kabla ya mvua. Serikali ya jimbo ina sera maalum ya vibanda hivyo. Nafasi kwa kila ufuo zinahesabiwa, waombaji wanatakiwa wawe wenyeji, na zinagawanywa kwa kupiga kura.

Wana shida zao pia. Kuna malalamiko ya watu kushinda kura kisha kukodishia matajiri wa nje. Lakini ona tofauti. Goa iliamua kwamba msimu ni msimu, ikautungia utaratibu wake, na ikamweka mwenyeji mbele ya foleni. Hapa kwetu msimu unatushtua kila mwaka kana kwamba Desemba haijawahi kuja.

Kwale inaweza kuiga hilo bila kungoja bunge la Nairobi, kwa sababu Katiba imeshaipa pombe, burudani, kelele na ufuo. Dirisha moja la msimu lifunguliwe Ukunda kuanzia Septemba, maafisa wote wakae hapo siku maalum, na majibu yatoke kabla ya katikati ya Novemba. Ada iwe ya wiki tano, na juu yake amana ya usafi ambayo unarudishiwa kiwanja kikikaguliwa na kukutwa safi. Leseni yenyewe iandikwe saa ya kuzima spika, na langoni kuwe na namba ya simu ya mtu wa kupigiwa muziki ukizidi. Orodha ya walioruhusiwa ibandikwe hadharani, ili mteja, mfanyakazi na polisi wasome karatasi moja. Na sehemu ya nafasi iwekwe kando kwa vikundi vya vijana wa hapa hapa, maana sasa hivi mwenyeji ni mlinzi na mwosha vyombo kwenye ufuo wake mwenyewe.

Kaunti ikichelewa, wewe usichelewe. Tafuta kiwanja na barua ya mwenyewe kufikia Agosti. Nenda kwa mzee wa mtaa, imamu wa msikiti ulio karibu, na viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi wa bandari yenu. Nenda mikono mitupu, bila bahasha, uwaambie saa utakazofungua na utakazozima, na uulize nini kitawaudhi. Andika mliyokubaliana. Ukifika mbele ya kamati na barua ya majirani mkononi, wewe si mtoto wa mjini tena. Kisha omba leseni ya muda, kibali cha kelele, ukaguzi wa afya na wa moto, kwa mfuatano huo, na ufanye nakala za kila risiti. Wape wafanyakazi wako mkataba hata kama ni wa ukurasa mmoja.

Mabango yanaanza Novemba. Kamati haikai Novemba kwa ajili yako. Septemba ikiingia, uwe na faili mkononi na nauli ya Kombani.